Gari likikwama njiani Uganda: fundi wa senta, fundi wako wa Kampala, au gari la kubeba?

Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500. Kwenda Kabale ni zaidi ya 400. Wengi wetu tunazikata safari hizo kwa Noah, Ipsum, Premio au Harrier lililokwisha kutumika Japani miaka mingi kabla ya kushushwa Mombasa. Sheria ya usalama barabarani iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, kwa hiyo gari la miaka 13 linaingia kihalali kabisa, pamoja na hozi za miaka 13 na rejeta ya miaka 13. Likikuzimikia njiani una njia tatu: kumwita fundi wa senta ya karibu, yaani mji mdogo wa biashara kando ya barabara, kumpigia fundi wako wa mjini, au kukodi gari la kulibeba. Mjini nako kuna uchaguzi wa aina hiyo hiyo: sevisi uifanyie kituo cha mafuta, kwa fundi wako Ndeeba, mtaa wa mafundi na vipuri Kampala, au kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza.

Nitazilinganisha zote, ila kipimo changu nakitoa mapema. Fundi wa njiani apewe kazi ambayo ikikosewa inaweza kurudiwa bila hasara kubwa: kubadilisha tairi, kufunga hozi, kusafisha na kukaza vichwa vya betri, kuweka fyuzi, kuvalisha mkanda wa nje. Kufungua silinda hedi au giaboksi kando ya barabara, hapana, hata kama giza linaingia na abiria wameanza kunung'unika.

Kusimama papo hapo, au kujikokota hadi senta?

Swali hili linakuja kabla ya kumpigia mtu yeyote, na jibu lake linategemea taa iliyowaka kwenye dashibodi na mahali ulipo.

Taa nyekundu ya oili haina mjadala. Zima injini pale pale unapopata pa kuegesha. Chomoa kijiti, pima; kama oili imeshuka, ongeza, washa, tazama. Taa ikibaki, usiwashe tena. Injini inayozunguka bila msukumo wa oili inajisaga yenyewe kwa muda mfupi sana, na hapo hakuna fundi, wa senta wala wa mjini, atakayekuokoa na gharama ya injini nyingine.

Mshale wa joto unakupa nafasi ndogo. Unapoanza kupanda, zima kiyoyozi, kisha fungua hita hadi mwisho wa moto, feni ikizunguka kwa nguvu. Ndani ya gari mtatoka jasho, lakini joto hilo linatolewa kwenye injini, na mara nyingi litakufikisha mahali salama pa kusimama. Likifika kwenye alama nyekundu, simama. Silinda hedi za aluminiamu hupinda zikizidiwa na joto, gaskiti inaungua, na hozi ambayo ungeinunua kwa pesa kidogo inageuka kuwa kazi ya wiki nzima gereji. Kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka uweze kushika hozi ya juu kwa mkono bila kuungua. Ndani mna maji yenye shinikizo, moto kupita maji yanayochemka jikoni. Wala usimwage maji baridi kwenye injini ya moto.

Taa ya betri ndiyo inayowachanganya watu. Kwa kawaida ina maana altaneta haichaji. Mchana, ukizima redio, kiyoyozi na taa, betri nzuri inaweza kulisukuma gari la petroli hadi mji unaofuata. Lakini kwanza simama ufungue boneti uone kama mkanda upo. Kwenye magari mengi, yakiwemo ya injini ya 1NZ kama Spacio na Raum, mkanda ule ule unazungusha pampu ya maji. Ukikatika, joto litapanda ndani ya dakika chache, na ruhusa ya kujikokota imekwisha.

Mahali nako kuna uzito wake. Barabara ya Masaka, pale Lwera kabla ya Lukaya, ina kinamasi pande zote mbili, na trela zinapita kwa kasi karibu kabisa na ulipoegesha. Kati ya Karuma na Pakwach barabara inaambatana na mbuga ya Murchison. Tembo na nyani wanavuka, na gereji hakuna. Ukipata pancha Lwera, endesha polepole na tairi hilo hilo mpaka upate nafasi nje ya lami. Rimu inaweza kuharibika, ndiyo. Rimu inanunuliwa.

Kuhusu alama za tahadhari, tumezoea matawi ya miti. Mchana yanasaidia, kwa sababu kila dereva Uganda anajua maana yake. Usiku hayaakisi mwanga, na anayekuja kutoka Gulu kwa kasi atayaona akiwa amekwisha kufika. Pembetatu mbili za kuakisi mwanga zinabaki kuwa bora, moja mbele na moja nyuma, ya nyuma iwekwe hatua zisizopungua hamsini, na mbali zaidi kama kuna kona au kilima. Abiria wote washuke upande wa kushoto na wasimame mbali na lami, nyuma ya mtaro kama upo. Asibaki mtoto aliyelala ndani ya gari. Magari mabovu yaliyosimama gizani bila alama yameua watu wengi mno kwenye barabara zetu, wakiwemo waliokuwa ndani ya gari lililokuja nyuma. Mkihitaji polisi, 999 au 112. Na mkiondoka, yaondoeni matawi barabarani, tafadhali.

Fundi wa senta dhidi ya fundi wako

Fundi wa senta ana jambo moja ambalo hakuna mwingine analo: anafika. Bodaboda inamleta na sanduku lake la spana ndani ya nusu saa, na gharama yake ni ndogo kuliko njia nyingine zote. Anajua pia duka gani la senta lina oili na lipi lina mkanda. Kwa tairi, hozi, waya uliokatika, ekzosi iliyoanguka, springi iliyovunjika, mimi namwita yeye bila kusita.

Ila mafundi wa senta hawalingani. Lyantonde, au Naluwerere kule Bugiri, ni vituo vya malori. Mafundi wake wanaijua dizeli, breki za upepo, springi na kuchomelea vyuma, na kwa sababu madereva wa Mombasa wanalala hapo, Kiswahili chako kitafika mbali kuliko Luganda ya kubabaisha. Lakini mtu aliyezoea trela si lazima awe mtu wa gari dogo lenye giaboksi ya otomatiki na kompyuta. Anaweza kuwa hodari sana kwenye kazi yake na bado akawa mtu asiyefaa kwa tatizo lako. Muulize waziwazi: gari la aina hii umeshalitengeneza? Jibu la haraka kupita kiasi linanitia wasiwasi.

Fundi wako wa Kampala yuko mbali, lakini analijua gari. Anakumbuka kwamba mwezi uliopita alibadilisha plagi moja tu, kwamba kuna waya aliuunga kwa muda, kwamba stata ilishaanza kulalamika. Ujuzi huo unapita kwenye simu. Mtumie video ya mlio wa injini na picha ya dashibodi, kisha umpe simu fundi wa senta wazungumze wao kwa wao. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote: mikono ya aliye karibu, kumbukumbu ya aliye mbali. Fundi wa senta anayekubali kuongea na mwenzake kwa simu kwa kawaida ni fundi mzuri. Anayekataa, mlipe usafiri wake wa boda na muagane kwa heshima.

Kumtoa fundi wako Kampala aje na basi hadi Kamdini ni jambo lingine. Utalipa nauli, chakula, pengine malazi, na siku yake ya kazi. Inalipa pale tu tatizo limeshajulikana na anakuja na kipuri mkononi. Akija "kuangalia kwanza", mara nyingi atarudi Kampala kutafuta kipuri, na wewe utalipa safari mbili.

Elewaneni bei kabla boneti haijafunguliwa. Kila kipuri cha zamani kinachotolewa, shika wewe. Ndicho kipimo cha kununulia kingine, na ndicho ushahidi kwamba kweli kilikuwa kibovu.

Betri iliyokufa haihitaji fundi hata kidogo kama una nyaya na jirani mwenye gari linalowaka. Chanya ya betri nzima kwa chanya ya betri iliyokufa, hasi ya betri nzima kwa chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, ili cheche isiruke karibu na gesi inayotoka kwenye betri. Gari la gia za mkono linaweza kusukumwa likawaka. La otomatiki hata wasukume vijana wa kijiji kizima halitawaka, basi msiwachoshe watu.

Kuvutwa kwa kamba, au kubebwa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa sababu kamba inaonekana kuwa rahisi. Kamba ni sawa kwa gari la gia za mkono, lililo huru kwenye gia, breki nzima, mchana, umbali mfupi. Hata hapo kuna sharti: ufunguo ubaki kwenye swichi umefunguliwa, ili usukani usijifunge, na anayekaa kwenye gari linalovutwa ajue kwamba injini ikiwa imezimwa breki inakuwa ngumu kama kukanyaga jiwe na usukani unakuwa mzito. Chuma cha kuvutia ni bora kuliko kamba, maana gari la nyuma haliwezi kulifikia la mbele kwenye mteremko.

Otomatiki ni habari nyingine. Pampu inayosambaza oili ndani ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini imezimwa, magurudumu yanayoendesha yanazunguka, vyuma ndani ya giaboksi vinasuguana vikavu. Kulitoa barabarani hadi kituo cha mafuta cha jirani kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, sawa. Kulivuta kutoka Luwero hadi Kampala ni kununua giaboksi. Kama gari linaendeshwa na magurudumu ya mbele, ya mbele yainuliwe. Kama ni la magurudumu manne muda wote, Harrier au RAV4 nyingi za aina hiyo, yote manne yawe juu ya gari la kubeba.

Gari la kubeba ni ghali, na kwa mbali kama Arua bei yake inaweza kukaribia bei ya ukarabati wenyewe. Kabla ya kulikodi kutoka Kampala, uliza Gulu, Masaka au Mbarara, miji yenye gereji za kutosha. Mara nyingi kubebwa kilomita 60 kwenda mji wa karibu na kutengeneza huko ni nafuu kuliko kurudishwa nyumbani. Mwenye bima kubwa aisome kabla ya safari, siku ambayo hana shida. Baadhi ya bima hizo zinalipia kuvutwa hadi kiasi fulani, na watu wanalipa mfukoni kwa kutojua.

Ndeeba, kituo cha mafuta, au wakala

Kituo cha mafuta kina oili ya kopo lililofungwa kiwandani, shimo la kukagulia na kazi ya haraka. Udhaifu wake ni kwamba kijana atamwaga oili, atabadili filta, atapuliza filta ya hewa, basi. Bushi zilizokatika hatazitaja, kwa sababu hakuulizwa.

Fundi wako wa Ndeeba, au wa maduka ya Kisekka, ana kila duka la vipuri hatua chache kutoka alipo, na analijua gari chini na juu. Bei yake inavumilika. Hatari iko kwenye kile usichokiona: oili iliyojazwa upya kwenye kopo la zamani, kipuri chako kizima kilichobadilishwa na kibovu. Dawa yake ni kuwepo. Usiache gari asubuhi ukalichukua jioni. Kaa hapo, ona kopo likifunguliwa.

Wakala ana mashine za kusoma kompyuta ya gari, vipuri halisi na kumbukumbu iliyoandikwa, na bei yake inawafukuza wengi. Kwa gari la haibridi, mifuko ya hewa au otomatiki ya kisasa, naona pesa hiyo ina maana. Kwa kubadilisha pedi za breki za Premio, hapana.

Kwa hiyo mimi nagawa: oili kituo cha mafuta au kopo ninalonunua mwenyewe, kazi za chini ya gari kwa fundi mmoja yule yule kila mara, kompyuta kwa wenye mashine. Fundi mmoja yule yule, nasisitiza. Anayezunguka gereji tano akitafuta bei ndogo hana mtu wa kumpigia akikwama Kafu saa mbili usiku.

Kuhusu muda: oili ya kawaida kila kilomita 5,000, sintetiki inaweza kufika 10,000 kwa maelekezo ya watengenezaji wengi. Lakini jamu ya Kampala inazungusha injini saa nzima bila kuongeza kilomita, na vumbi la barabara za udongo linaziba filta ya hewa, kwa hiyo mimi naipunguza namba hiyo hata kwa sintetiki. Kwenye rejeta weka kulanti. Maji ya bomba ni ya dharura. Yanaleta kutu ndani ya injini na yanachemka mapema. Uliyoyaongeza njiani yamwage ufikapo.

Mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini, unahitaji neno la pekee. Injini za 1NZ zina cheni badala yake, hazina shida hiyo. Noah na Ipsum za zamani zenye injini ya 3S zina mkanda, unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa kuwa namba ya kilomita kwenye gari la mtumba si ya kuamini, na ndani yake huna risiti yoyote, badilisha siku unaponunua, pamoja na pampu ya maji, kwa sababu mkanda huo ndio unaoizungusha. Mkanda huu ukikatika katikati ya msitu wa Mabira, fundi wa senta hana la kufanya.

Vipuri vya mtumba kutoka Japani nakubali kwa altaneta, stata, rejeta, taa. Mara nyingi vinadumu kuliko vipya vya bei rahisi. Kitu chochote cha mpira, kinachosuguana au kinachochuja kiwe kipya: mikanda, hozi, pedi za breki, filta. Tairi nalo liko kundi hilo. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu na bado likawa limezeeka. Soma namba nne ubavuni: 3521 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2021. Lililozidi miaka mitano mimi sinunui, bei iwe ndogo namna gani.

Anayekwenda Kabale na Kisoro afikirie zaidi mafuta ya breki. Yanavuta unyevu kadiri yanavyokaa, na kwenye miteremko mirefu ya Kigezi breki zikipata moto, unyevu huo unachemka na pedali inazama. Badilisha kila miaka miwili, na mteremko ushuke kwa gia ndogo, otomatiki kwenye 2 au L.

Sevisi ya safari ifanywe wiki moja kabla. Sevisi ya jioni ya kuamkia safari ni mbaya kuliko kutofanya, kwa sababu nati iliyosahauliwa kukazwa au hozi iliyokaa vibaya itajitokeza njiani Nakasongola badala ya kujitokeza mjini Wandegeya. Lizungushe mjini siku chache, kagua chini palipoegeshwa kama kuna tone, pima upepo wa tairi la akiba, jaribu kama wili spana inaingia kwenye nati zote. Anayevuka Malaba, Busia, Mutukula au Katuna achukue pia kadi ya njano ya COMESA kwenye kampuni yake ya bima. Kadi hiyo ni kwa madhara utakayomsababishia mtu mwingine upande wa pili. Kuvutwa kwa gari lako ni juu yako, kwa hiyo namba ya mwenye gari la kubeba wa Bungoma, Bukoba au Kigali itafute kabla hujafika mpakani.